Sauti za Mama Zilizobaki Maua

Mama alijifunza kutuma ujumbe wa sauti akiwa tayari ana wajukuu. Kuandika hakukumvutia. Shule aliiacha akiwa msichana mdogo, na herufi za simu alizitazama kama mtu anavyotazama siafu njiani: anajua ni wengi, anajua wanauma, hana haja ya kuwasogelea. Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, ndiye aliyemletea simu ya kugusa, akamkalisha kwenye kigoda nje ya jikoni.

"Bonyeza hapa, Mama. Usiachilie. Ongea. Ukimaliza, achilia."

"Nikiachilia inaenda wapi?"

"Inaenda kwa mwalimu."

Mwalimu ni mimi. Nafundisha shule ya msingi karibu na Runyenjes, kwenye majani chai na kahawa, mahali ambapo nguo hukaa kwenye kamba mpaka zinanuka kabla hazijakauka. Mama aliishi chini kule, ng'ambo ya Kiritiri, kwenye nchi ya mbuzi na miiba, ambako mvua husubiriwa kama mgeni mwenye cheo. Kaunti ni moja, ila mvua zetu hazijuani. Kwa hiyo ujumbe wake mwingi ulianza na hilo. "Huko imenyesha tena? Si mtusukumie kidogo." Kisha angenieleza habari za nyumbani: mbuzi gani amezaa, ndengu zimetoa maua au zimekataa, malori ya mchanga yamepita tena na kumwagia nguo zake vumbi.

Mtandao nyumbani ulipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya zizi, karibu na tangi la maji. Ndiyo maana mbuzi walikuwa ndani ya kila ujumbe. Walilia katikati ya maneno yake, naye akawajibu bila kukatiza habari aliyokuwa akinipa, hivi kwamba wakati mwingine sikujua ni nani kati yangu na mbuzi aliyeambiwa atulie. Kitufe hakukizoea kamwe. Alikiachilia mapema, na sentensi yake ya mwisho ikawa inakatika mkia. "Na usisahau ku..." Basi nami nikabaki siku nzima nikijiuliza nisisahau nini.

Niliusikiliza ujumbe huo kwenye chumba cha walimu, simu imebanwa sikioni, au nikiwa nimesimama langoni jioni huku bodaboda zikipita na magunia ya kahawa. Haikuwa mazungumzo ya maana. Hakuna jambo hata moja kubwa ambalo Mama aliniambia kwa njia ile. Mambo makubwa, kama ugonjwa wake, aliyanyamazia mpaka tulipoyaona wenyewe.

Alipofariki, simu yake haikuwepo tena. Ilikuwa imetumbukia kwenye pipa la maji miezi michache kabla, akarudia simu ndogo ya vitufe na kusema ile nyingine ilikuwa na kelele hata hivyo. Ndugu yangu naye hakuwa na kitu. Yeye ni fundi wa simu mjini Meru, na fundi wa simu hakai na simu moja. Leo ana hii, mwezi ujao ameiuza, amechukua nyingine iliyovunjika kioo, ameitengeneza, ameiuza pia. Ujumbe wa Mama kwake ulikuwa umetawanyika pamoja na hizo simu, mikononi mwa watu asiowajua. Kwa hiyo simu yangu ndiyo iliyokuwa imebaki na sauti yake, na kila mtu nyumbani alijua hivyo. Kwenye matanga, dada ya baba aliniomba nimwekee ujumbe mmoja asikie. Nikamwekea ule wa mbuzi aliyekula shati la mchungaji. Watu walicheka wakiwa na vikombe vya chai mkononi na macho mekundu.

Simu ilikuwa imechoka. Ilijaa, ikawa inafikiria muda mrefu kabla ya kufungua chochote, na muhula mmoja ile programu ya shule tunayotumia kuingiza alama za wanafunzi ikakataa kabisa kufunguka. Iliandika kwamba mfumo wa simu yangu ni wa zamani. Wenzangu waliniambia ninunue nyingine. Sikutaka. Nilimpigia ndugu yangu.

"Usinunue," akasema. "Niletee hiyo likizo ikifika. Nitaiflashi."

Hilo ndilo neno la mafundi. Kuflashi ni kuondoa mfumo mzima wa simu na kuweka mwingine. Kibanda chake kiko upande wa Majengo, ukuta mmoja na bucha ya mzee Mwislamu ambaye wanatumia naye mita moja ya stima. Nilifika asubuhi, nikakaa kwenye stuli ya wateja, naye akanieleza huku akifuta kioo cha simu yangu kwa pamba kama daktari anayetafuta mshipa.

"Kiwanda kilichoitengeneza kilishaisahau. Hawailetei maboresho tena. Lakini kuna watu huko duniani wanaotengeneza mifumo mipya ya simu kuukuu, kwa mapenzi tu. Tukiiweka hapa, itakuwa kama ya jana."

"Na vitu vyangu?"

"Lazima nifungue kufuli ya ndani kwanza, na kufuli hiyo ikifunguliwa, simu inajifuta yote. Ndiyo usalama wake, ili mwizi asifaidi. Kwa hiyo tunanakili kila kitu kwa kompyuta, halafu tunarudisha."

"Sauti za Mama ziko humo."

Akaacha kufuta. "Najua, mwalimu. Hizo ndizo tutaanza nazo."

Na kweli ndizo tulizoanza nazo. Aliichomeka simu kwenye kompyuta, akatafuta folda yenye jina la ile programu tunayotumia kutumiana ujumbe, akaifungua, ndani yake akapata folda ya sauti. Akabonyeza moja. Mama akaingia kibandani.

"Halo? Halo? Hii kitu inanisikia? Wewe, mbona haijibu? ... Halo?"

Ulikuwa ujumbe wa siku zake za kwanza kabisa. Tulicheka mpaka mzee wa bucha akachungulia, kisu mkononi, kuona kuna nini. Ndugu yangu akamwekea tena, na mzee, ambaye hajui neno la Kimbeere, lugha yetu, naye akacheka kwa sababu halo ni halo kila mahali. Baada ya hapo hakuna aliyefikiria kubonyeza ujumbe wa pili. Tulikuwa tumemsikia. Folda ikanakiliwa, picha zikanakiliwa, nambari za simu zikanakiliwa. Akaniletea chai ya maziwa na mahamri kutoka hoteli ya ng'ambo ya barabara, tukala tukisubiri.

Kisha akaizima simu na kuiwasha kwa kubana vitufe viwili pamoja. Skrini ikawa nyeusi yenye maandishi madogo ya Kiingereza, yakionya kwamba kila kitu kitafutwa na hakitarudi. Akanigeuzia nione.

"Mwalimu, niendelee?"

"Endelea."

Kazi ilimchukua asubuhi yote. Simu ilipoamka ilikuwa na sura nyingine, nyepesi na ya haraka, na programu ya shule ikafunguka mara moja. Nilimshika bega kwa furaha. Akaanza kurudisha vitu. Picha zilirudi. Nambari zilirudi. Akarudisha na ile folda ya ujumbe, akaifungua, akashuka mpaka mwisho, akapanda tena juu, akashuka.

"Nini?"

"Ngoja."

"Nini?"

Zilikuwepo sauti chache tu. Zote za mwanzo. Halo, halo, hii kitu inanisikia. Baadaye, tulipoweza kuzungumza, alinieleza ilivyokuwa. Miaka ya nyuma ile programu ya ujumbe ilihamisha vitu vyake ndani ya simu, ikaanza kuvihifadhi mahali pengine, ndani zaidi, bila kumwambia mtu. Folda ya zamani ikabaki na jina lake lilelile na vitu vichache vilivyoachwa humo, kama nyumba ambayo watu wamehama lakini jina la familia bado limeandikwa mlangoni. Tulibisha kwenye mlango ule. Tukasikia sauti ya Mama ndani. Nani angejua kwamba wengine wote wanaishi nyumba nyingine?

Akiba ya mtandaoni sikuwa nayo. Ilikuwa imejaa zamani, nikawa nafunga onyo lake kila lilipojitokeza, kama wanavyofanya watu wote ninaowajua.

Alijaribu. Aliweka programu za kufufua vitu vilivyofutwa, moja baada ya nyingine, na mafundi wenzake wakaja kutoka vibanda vingine wakasimama nyuma yake wakitoa mawazo. Mmoja wao ndiye aliyesema wazi kwamba simu za siku hizi huandika kila kitu kwa fumbo, na kufuli inapofunguliwa, ufunguo wa fumbo hilo hutupwa. Hata kama maandishi yapo, hakuna awezaye kuyasoma. Ndugu yangu akamwambia aende zake.

Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa msitu. Nilichukua simu yangu mpya ya zamani, nikasimama. Alinyoosha mkono kama anayetaka kunishika.

"Dada," akasema. Huwa haniiti dada. Huniita mwalimu, kwa utani, tangu nilipoajiriwa.

"Umemzika mara ya pili," nikamwambia.

Nilipopita mbele ya bucha, mzee alisema pole kwa sauti ndogo. Ukuta ule ni wa mbao. Alikuwa amesikia yote.

Hatukuzungumza muhula mzima. Alituma ujumbe, sikujibu. Mume wangu alinikumbusha mara moja kwamba ni mimi niliyesema endelea, kisha akaona uso wangu na kutoka nje kukata nyasi za ng'ombe.

Katika miezi ile nilijaribu kuzikumbuka sauti zilizopotea. Habari nilizikumbuka bila shida. Nilikumbuka mwaka kunde zilipoliwa na viwavi, nilikumbuka shati la mchungaji, nilikumbuka kijana wa jirani aliyechoma makaa mpaka moto ukapanda kwenye ua wetu na Mama akauzima kwa maji ya kunywa ya mbuzi. Lakini kila nilipoyarudia kichwani, aliyekuwa akisimulia ni mimi. Maneno yalikuwa yake, sauti ilikuwa ya mwalimu wa darasa la sita. Zile chache zilizobaki nilizisikiliza mpaka nikazijua pumzi kwa pumzi, na bado hazikunisaidia, kwa sababu humo Mama anazungumza na simu, hazungumzi na mimi. Anaiogopa kidogo. Mama niliyemkosa ni yule aliyekuja baadaye, aliyekuwa ameshaizoea, anayenung'unika na kucheka na kupumzika kati ya maneno kana kwamba niko naye jikoni nachambua mboga.

Kisha, wiki ya kufunga shule, ndugu yangu akapiga simu kwa nambari ya mume wangu na kuomba apewe mimi.

"Usikate," akasema. "Tata anazo."

Tata ndivyo tunavyomwita mdogo wake Mama, aliyeolewa mbali Igembe, karibu na Maua. Ndugu yangu alikuwa amempigia kila mtu wa ukoo wetu, mmoja mmoja, hata wale ambao hatujazungumza nao tangu mambo ya shamba. Wengi walishafuta. Wengine hawakuwahi kutumiwa. Tata peke yake alisema hajawahi kufuta kitu chochote katika simu yake, na hakuelewa kwa nini mtu afute.

Tulikutana mjini Meru na kupanda pamoja kwenda Maua. Njiani tulizungumza habari za barabara. Alikuwa amebeba mkate, sukari na majani chai, na begi lake la kazi mgongoni, nami nilijua bila kuuliza kwamba ndani ya begi kuna kompyuta na nyaya za kila aina.

Tulimkuta Tata uani na wanawake wengine watatu, wamezungukwa na majani ya migomba, wakichambua miraa na kufunga vibunda. Kazi ile haisubiri mgeni, kwa sababu pikapu huja na kuondoka kwa wakati wake. Alitukumbatia kwa viwiko ili asitupake utomvu, akatuambia tuketi, akamaliza rundo lake. Ana mikono ya Mama. Nilikuwa nimesahau hilo. Vidole vifupi, na dole gumba linalopinda nyuma anapovuta kamba.

Alipomaliza alinawa, akatuingiza jikoni, akatupa uji, kisha akatoa simu kutoka mfukoni mwa aproni. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe na mgongo wake umeshikiliwa na raba. Nikaona mkono wa ndugu yangu unajisogeza wenyewe.

"Wewe usiiguse," Tata akasema. "Sifa zako nimezisikia."

Alisema kwa mzaha, lakini ndugu yangu aliurudisha mkono na kuukalia.

Tata alichagua polepole. Wa kwanza alioubonyeza, Mama alikuwa anacheka hata kabla ya kuanza. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, ingawa kwa lugha yetu yalikuwa matamu zaidi.

"Yule mwalimu wangu amenitumia sauti tena. Mdogo wangu, ni mkutano wa wazazi! Kwanza salamu, halafu ajenda, halafu mengineyo. Mimi nasikiza mwanzo, nasikiza mwisho, katikati naenda kuwapa kuku maji. Sijawahi kukosa kitu."

Sikujua kama nicheke au nilie, na ndugu yangu alikuwa ameinamia uji wake mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akatoka nje kupenga kamasi, na aliporudi alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu kibandani, akasema, "Na mengineyo, mwalimu," nami nikampiga kwa leso yangu.

Mama wa ndani ya simu ya Tata hakuwa yule aliyekuwa ndani ya simu yangu. Kwangu alikuwa mama: alinionya, aliniuliza kama nimekula, alinificha mambo. Hapa alikuwa dada mkubwa wa mtu. Alisengenya. Alimwigiza mchungaji. Alilalamika magoti yanamuuma, jambo ambalo kwangu alikana kila siku. Aliimba kipande cha wimbo wa utani wa ujanani mwao, mbaya kiasi kwamba Tata aliuzima haraka na kusema huo si wetu.

Kisha akaweka mmoja kuhusu ndugu yangu.

"Ameacha chuo. Anasema anatengeneza simu za watu. Mwalimu amekasirika, mimi nimenyamaza. Unakumbuka baba yao alivyofungua ile redio? Akazitandaza zile nyuzi zote juu ya mkeka, Jumapili nzima, halafu haikuimba tena. Alihuzunika yule mtu! Nami sikumwambia kwamba nilimshukuru Mungu. Redio ile ilikuwa inaongea kuliko mimi. Jioni yake ndiyo tulianza kuzungumza. Sasa mtoto ana mikono ileile. Acha afungue vitu. Vingine vitapona, vingine havitapona, mtu hafi."

Redio ile hatukuwahi kuiona ikifanya kazi. Sisi tuliikuta juu ya kabati, ganda tupu, Mama akiweka ndani yake sindano na vifungo. Ndugu yangu aliomba usikilizwe tena. Tata akauweka tena. Akaomba tena. Mara ya tatu Tata alimwachia simu mkononi, na yeye akaishika kwa mikono yote miwili, kama kifaranga.

"Samahani," nikamwambia. "Kwa lile nililosema."

"Lilikuwa kweli wakati ule," akajibu.

"Halikuwa."

"Basi yaishe."

Jioni ikikaribia, pikapu ikipiga honi barabarani, Tata alisema atatuwekea wa mwisho. Alisema huu huusikiliza mwenyewe akiwa amekaa peke yake, na hajawahi kumpa mtu mwingine asikie. Kwa muda hakukuwa na sauti ya mtu. Kulikuwa na nyayo kwenye changarawe, kitu kama ndoo, mlango wa zizi ukilia. Mama alikuwa ameibonyeza simu bila kujua, kitufe kikajifunga, nayo ikaendelea kurekodi mfukoni. Alitembea. Alikohoa. Alimwambia mbuzi fulani asogee. Aliketi, kwa ile pumzi yake ya kuketi, na ndengu zikaanza kudondoka kwenye ungo. Halafu akaanza kuimba bila maneno, puani, akisimama anapopata jiwe, akilitupa, akiendelea. Ujumbe ulikuwa mrefu. Hakuna aliyesogea. Kuku waliingia jikoni wakatupita miguuni wakatoka. Mwishoni zilisikika nyayo tena, na kitufe kikaachiliwa na kitu tusichokijua.

Nilimtazama ndugu yangu, naye akanitazama, kisha akatazama begi.

"Tata," nikasema, "tunaomba tunakili. Hatutagusa chochote. Ni waya tu."

Tata alichukua simu yake, akairudisha mfukoni, akaufunga mfuko kwa kishikizo.

"Hapana."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamweleza kwamba simu ile imepasuka, inaweza kuzima siku yoyote, inaweza kuibwa, inaweza kuanguka kwenye maji kama ya Mama. Nilieleza vizuri. Labda maelezo yangu yalikuwa na ajenda.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Hizi alinipa mimi. Zako alikupa wewe, zikapotea, na nimekusikitikia mpaka nikakosa usingizi. Lakini kuna maneno humu ambayo dada yangu hangeweza kuyasema kama angejua watoto wake wanasikia. Leo nimechagua ya kuwasikilizisha. Kesho nikifa, mtachukua simu mfanye mnavyotaka. Nikiwa hai, mkimtaka, njooni hapa. Nitapika, tutamsikiliza pamoja."

Ndugu yangu angeweza kumaliza kazi ile ya kunakili bila Tata kujua. Najua hilo, naye anajua kwamba najua. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, na aproni ilitundikwa msumarini alipokwenda kuoga. Sisi wawili tulikaa tukiitazama. Kisha ndugu yangu akaniuliza kama nataka uji zaidi, nikasema ndiyo, akanimiminia.

Tulilala kwa Tata, na asubuhi akatusindikiza mpaka barabarani akiwa na mfuko wa maparachichi. Tangu siku hiyo tumekuwa tukienda shule zinapofungwa, wakati mwingine pamoja, wakati mwingine mmoja wetu. Huchagua yeye. Kuna ujumbe ambao ameshatuwekea mara nyingi na kuna mwingine, nina hakika, ambao hatutausikia kamwe. Siku hizi sikasiriki. Nashangaa tu kidogo kila ninapofika na kumsikia Mama akiwa na habari mpya.

Mara ya kwanza ile, tulipofika Meru tukitoka Maua, nilikuwa na muda kabla ya kushuka Embu, nikapita kibandani. Ndugu yangu akafungua kufuli, akanikalisha kwenye stuli ileile ya wateja, na tukaanza kubishana. Yeye alisema wimbo aliokuwa akiimba Mama kwenye ndengu ni wa kanisani, ule wa kutoa sadaka. Mimi nikasema sivyo, ni wa kubembelezea watoto, alitubembelezea nao sisi wote, yeye mwenyewe alilala kwa huo. Akasema hakumbuki kulala. Nikamwimbia puani. Akasema hapana, unapanda mahali ambapo Mama alishuka, akaniimbia wake. Hatukuwa na namna ya kuhakikisha. Simu iko Maua, ndani ya aproni.

Tuliimba kwa zamu, kila mmoja akipandisha sauti kidogo kumshinda mwenzake, mpaka mzee wa bucha akagonga ubao.

"Jamani," akasema kutoka upande wake, "wateja wangu wananiuliza nani amefariki."

Tukamwomba radhi. Mteja mmoja akaja na simu isiyochaji, ndugu yangu akainama juu yake na kuanza kufungua vile visikurubu vidogo, akivipanga kwenye kifuniko cha chupa. Nilikunywa maji, nikajiandaa kuondoka. Kabla sijafika mlangoni nilimsikia akianza tena, puani, polepole, wimbo wake, siyo wangu.